Jinsi ya kukusanya kumbukumbu za majirani wa Magofu ya Gede

Mgeni anayeingia Magofu ya Gede, mji wa kale wa Waswahili kwenye Pwani ya Kenya karibu na Malindi, husimuliwa mambo ya miaka mia sita iliyopita: jumba la mtawala, Msikiti Mkuu, kaburi lililoandikwa mwaka 802 Hijria, yaani 1399, shanga za Venice, bakuli za kaure zilizovuka bahari kutoka Uchina. Hayo ni ya kweli na yanafaa kujulikana. Lakini mji ule ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 17, na tangu hapo kuna watu wengi waliopita ndani yake ambao hakuna anayewauliza. Wameokota kuni na ukwaju mle. Wamepeleka nadhiri. Wamechimba kwa mshahara, wamewekewa seng'enge, wamerudi wakiwa wazazi kuwaonyesha watoto wao. Hiyo nayo ni historia ya Gede, na sehemu kubwa imo vichwani mwa watu wenye miaka sabini na themanini.

Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari isiyo mbali na hapo, na chama chetu cha historia hukusanya kumbukumbu hizo. Nayaandika haya kwa mwalimu mwenzangu, kwa mwanafunzi, au kwa kijana wa kikundi cha mtaa anayetaka kuanza. Aliye karibu na magofu mengine ya Pwani, kama Mnarani au Jumba la Mtwana, atabadilisha majina tu; njia ni ile ile.

Soma kiasi, kisha nyamaza

Usiende kwa mzee ukiwa mtupu. Jifunze mfuatano wa mambo ya karne iliyopita, kwa sababu ndiyo karne ya kumbukumbu unazozitafuta. John Kirk, balozi wa Uingereza huko Zanzibar, alifika magofuni mwaka 1884. Serikali ya kikoloni iliyatambua kuwa mahali pa kihistoria mwaka 1927. Mwaka 1948 eneo likawa hifadhi ya taifa, na mwanaakiolojia James Kirkman akaanza uchimbaji uliofika hadi 1958. Mwaka 1969 likaingia mikononi mwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mradi wa Kipepeo, wa wanakijiji wanaofuga vipepeo, ulianza 1993, na mwaka 2024 UNESCO ikaiweka Gede kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Ukiyajua hayo, utasikia zaidi. Mzee akikuambia alibeba udongo wa Mzungu kabla hajaoa, unajua yuko katika miaka ile kumi ya Kirkman, na unaweza kumwuliza alimwaga wapi. Usiyejua utaitikia tu "ehee" na neno litapita.

Ila ukifika kwake, elimu yako iache mfukoni. Mwanafunzi akianza kwa kusema, "Tumesoma kwamba mji ulihamwa kwa sababu ya Wazimba na ukosefu wa maji," mzee mwenye adabu atamjibu, "Naam, ndivyo," na hapo mmeshapotezana. Watu wetu hawapendi kumvunja mgeni. Atakubaliana na kitabu chako na kumbukumbu yake ataimeza.

Nani wa kuzungumza naye

Kila kijiji kina mzee mmoja ambaye ukiuliza habari za magofu unaelekezwa kwake. Nenda, umwamkie, umsikilize. Heshima inataka hivyo, na mara nyingi ndiye atakayekufungulia milango mingine. Lakini hadithi yake ameshaisimulia kwa wageni mpaka imekuwa laini, haina kona. Usiishie kwake.

Watafute wale ambao hawajawahi kuulizwa. Wanawake waliookota kuni wanaujua msitu wa Gede mti kwa mti: mbuyu upi una maji kwenye pango lake, ukuta upi una nyoka, njia ipi ilikuwa ya mkato kabla ya ua. Watafute waliokuwa vibarua na askari wa lango, na wapishi wa wachimbaji kama bado wapo. Watafute wafugaji wa vipepeo wa upande wa msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao wamekuwa wakileta mazao yao pale tangu miaka ya tisini na wameona mengi kwenye lile lango. Maustadhi wa madrasa watakuambia jinsi wanavyouona msikiti ambao kibla chake bado kimesimama. Na usiwadharau watu wa miaka arobaini. Waliofika na basi la shule ya msingi wakanyang'anywa ndizi na kima wana kumbukumbu yao kamili, na miaka thelathini ijayo wao ndio watakaokuwa wazee.

Kuingia kwa mtu

Pitia kwa mtu anayemjua: mjukuu, mzee wa mtaa, imamu, mama wa kikundi. Siku ya kwanza usirekodi. Nenda umwamkie, umweleze wewe ni nani na ni mtoto wa nani, kwa sababu hilo ndilo atakalouliza kwanza. Kwa Wagiriama mwite hawe (bibi) au tsawe (babu) ikiwa umri unaruhusu. Mwanafunzi anayejua kusema hivyo ameshafika nusu ya safari. Chukua sukari na majani ya chai. Hiyo haiitwi malipo, ni kutoingia mikono mitupu, na ukianza kutoa pesa kwa kila mazungumzo utaona hadithi zinarefuka kwa sababu isiyo ya historia.

Mweleze wazi utafanya nini na sauti yake: itasikilizwa na nani, itahifadhiwa wapi, jina lake litatajwa au la. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa, lakini hata isingekuwapo, adabu ingeitaka. Wengi wa wazee wetu hawapendi karatasi za kutia sahihi, maana karatasi imeshawahi kuchukua mashamba ya watu Pwani hii. Pata ridhaa kwa sauti. Siku ya kurekodi, jambo la kwanza kwenye rekodi liwe swali lako na jibu lake: "Je, unakubali nirekodi, na wanafunzi wa shule yetu wasikilize?" Akisema ndiyo, tarehe na mahali vitajwe hapo hapo.

Tembea naye magofuni

Kama utachukua jambo moja tu katika mwongozo huu, chukua hili. Ukimwuliza mtu barazani kwake, atakupa muhtasari. Ukimpeleka mahali penyewe, mikono na miguu yake itakumbuka yale ambayo mdomo umeyasahau.

Tulikwenda na mzee aliyekuwa kibarua wa uchimbaji akiwa kijana. Barazani alikuwa ametuambia sentensi chache: walichimba, walilipwa, kazi ikaisha. Tulipoingia magofuni alilipita jumba la mtawala bila hata kugeuza shingo, wanafunzi wakatazamana. Akaenda moja kwa moja hadi mahali penye kichaka, pasipo kibao, akasimama. "Hapa ndipo tulipokuwa tukichekecha." Akaanza kutuonyesha: chekeche linashikwa na watu wawili, mmoja huku, mmoja kule, halafu unasukuma na kuvuta, unasukuma na kuvuta, na mchanga unashuka. Kinachobaki juu ni vigae, mifupa, makombe, na siku ya bahati ushanga. Alituonyesha jinsi ushanga ulivyochukuliwa kwa ncha ya kidole kilicholowa, usije ukaruka. Akasema karibu na lipu sururu ilikuwa marufuku. Ilitumika mwiko na brashi, na kijana mwenye haraka alirudishwa kwenye makarai. Nilikuwa nimefundisha uchimbaji wa Gede kwa miaka mingi kutoka vitabuni, na hakuna kitabu kilichonipa harakati za yale mabega mawili.

Kwa hiyo mwache mzee aongoze. Usimpitishe kwenye njia ya watalii, kutoka kaburi hadi msikiti hadi jumba. Mwanafunzi mmoja ashike ramani ya eneo na aweke alama kila anaposimama, kila anapoiacha njia, kila anapokataa kwenda. Vituo vyake ndiyo ramani ya kumbukumbu, na mara nyingi havifanani na vituo vya mwongoza watalii.

Nyumba nyingi za Gede zinajulikana kwa vitu vilivyochimbuliwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma. Ni majina ya wachimbaji. Ukifika kwenye nyumba kama hizo, mwulize mzee: "Ninyi hapa mlikuwa mnapaitaje?" Akitoa jina, liandike kama alivyolitamka. Akisema hapakuwa na jina, andika hivyo pia.

Mambo ya safari yenyewe ni mepesi lakini yasisahauliwe. Zungumza na ofisi ya makumbusho mapema kuhusu siku, kiingilio na idadi ya wanafunzi. Nenda asubuhi. Beba maji na kigoda, maana mzee asiyeweza kukaa atafupisha kila jibu. Chakula kisionekane, kwa ajili ya kima. Wanafunzi wasipande kuta. Mawe yale ya matumbawe yameshikwa kwa chokaa ya zamani, na kila mguu unaopanda unaacha kitu chini.

Maswali yanayofungua mdomo

Uliza matendo. "Ulikuja hapa kufanya nini?" "Ulikuwa na nani?" "Mlipitia wapi?" "Mlirudi nyumbani na nini?" "Nani alikuwa akiwakataza?" "Mama yako alikuambia usiguse nini?" Maswali ya namna hii yana majibu. Swali la "Unaonaje umuhimu wa urithi wetu?" halina jibu, lina hotuba.

Mama mmoja aliulizwa na mwanafunzi wangu walikuwa wakirudi na nini. Alitaja kuni, ukwaju, uyoga baada ya mvua, kisha akasita. Mwanafunzi alikuwa amefunzwa kutojaza kimya, akatulia. Yule mama akaendelea kuwa kulikuwa na miti ambayo hata ikiwa imekauka na kuanguka, haikuokotwa, na ukiona mwenzako anaisogelea unamvuta leso. Hapo tukapata somo zima la kwa nini msitu ule bado umesimama katikati ya mashamba. Hesabu pumzi kadhaa kabla ya swali linalofuata.

Miaka usiiulize kwa tarakimu. Tumia mambo ambayo Pwani nzima inayakumbuka. Ilikuwa kabla ya Uhuru wa 1963 au baadaye? Kabla ya mvua kubwa za 1961? Kenyatta alikuwa ameshafariki, yaani baada ya Agosti 1978? Mlikuwa mkinywa maziwa ya Nyayo shuleni, yale ya bure ya wakati wa Rais Moi? Mlipokwenda Mombasa mlivuka Kilifi kwa feri au kwa daraja? Daraja lilifunguliwa 1991, na sijaona mtu wa huku anayesahau foleni ya feri. Mvua za El Niño za 1997 nazo ni alama nzuri kwa walio vijana kidogo.

Aliyoyaona, aliyoambiwa, aliyoyachukua kibaoni

Ukirudi na rekodi, kila habari iwekee alama moja kati ya tatu: aliiona mwenyewe, aliambiwa na wazazi au majirani, aliipata kwa mwongoza watalii, redio au shule. Tunatumia rangi tatu za kalamu. Kazi hii inachosha na ndiyo inayotenganisha mkusanyo wa maana na rundo la hadithi.

Chukua habari ya kuhamwa kwa mji. Wataalamu wametaja sababu kadhaa: mashambulizi ya Wazimba, wapiganaji waliotoka kusini, mwishoni mwa karne ya 16, kusogea kwa Waoromo kutoka kaskazini, visima kupungua maji. Mzee akizitaja zote tatu kwa mpangilio huo huo, kuna uwezekano mkubwa amezisikia langoni. Mwulize kwa upole, "Hayo uliyapata kwa nani?" Wengi watakuambia bila kinyongo. Na iwapo babu yake alimpa sababu nyingine kabisa, hapo umepata kitu cha thamani, hata kama hakithibitishi lolote kuhusu karne ya 17. Kinakuonyesha watu wa hapa waliuelewaje mji uliokuwa kimya mlangoni mwao.

Ndivyo ilivyo pia kwa habari za wenyewe wa mahali. Wapo wanaoamini kwamba Gede pana wenyewe, yaani mizimu, kwamba mtu hupotea njia mchana kweupe au husikia nyayo nyuma yake. Usicheke, usibishe, na usimkatize mtu kwa kumwuliza kama ana ushahidi. Yaandike katika rangi yake. Woga na heshima ile ndivyo vilivyoamua nani aingie, saa ngapi, na atoke na nini.

Pale unapotakiwa kuzima

Kuna wanaokwenda kuomba au kuweka nadhiri, na wengine hawataki ijulikane. Akikuambia zima, zima mbele ya macho yake na uiweke simu chini, uso juu. Usiandike mahali penyewe baadaye kwa kumbukumbu. Kwenye simu ondoa kabisa kipengele cha kuhifadhi mahali kwenye picha, kwa sababu picha moja ya mti inaweza kumpeleka mtu asiyehusika hadi kwenye shina lake. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni. Mweleze mzee kwamba kilicho chake kinabaki chake.

Pia utakutana na uchungu. Mahali popote panapowekewa ua, kuna mtu aliyekuwa akipita hapo. Mwache aseme. Kazi yako pale si kuitetea ofisi yoyote wala kumchochea, na mwanafunzi afunzwe jibu moja tu: "Nimesikia, nimeandika kama ulivyosema."

Kuna jambo jingine hutokea mara kwa mara: mzee anaingia ndani na kutoka na kigae cha rangi ya kijani au ushanga uliofungwa kwenye kitambaa. Usiupokee, usiununue, usimtishe. Piga picha ukiwa mkononi mwake kwa ruhusa yake, andika aliokota wapi na lini. Mwambie kwamba Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inalinda vitu hivyo, na kwamba akitaka mnaweza kwenda pamoja makumbusho kuuonyesha. Uamuzi ni wake.

Sauti, lugha na maandishi

Simu inatosha. Iweke katika hali ya ndege ili isilie, iegemeze karibu na kifua cha msemaji juu ya leso iliyokunjwa, mgongo wake uelekee upepo. Jaribu dakika moja, sikiliza, ndipo uanze. Jioni hiyo hiyo nakili faili mahali patatu: kompyuta ya shule, kadi ya kumbukumbu, na kwa mwalimu. Jina la faili liwe tarehe, namba ya msemaji na mahali. Majina ya watu yakae kwenye daftari lililofungiwa.

Mzee aseme Kigiriama kama ndiyo lugha inayomtoka vizuri. Tafuta mwanafunzi anayekijua, si wa kukisia. Andika Kigiriama kwanza, neno kwa neno, kisha Kiswahili chini yake. Majina ya miti, ya mitego na ya vyakula yabaki kama yalivyo. Tenga muda wa kutosha, maana saa moja ya mazungumzo hula saa nne au zaidi za kuandika, na wanafunzi wakikimbizwa wataanza kufupisha.

Irudishe kwa wenyewe

Kabla ya kuonyesha mtu yeyote wa nje, warudishie waliosema. Sisi huwaita wazee pamoja chini ya mti, tunacheza vipande vifupi kwa spika ndogo. Hapo ndipo kazi inapokuwa tamu. Mmoja atasema ule ukuta ulikuwa umeshaanguka, mwingine ataapa aliupanda akiwa mtoto. Mama aliyekaa nyuma atawasahihisha wote wawili. Rekodi na mabishano hayo, usimtafute mshindi. Andika kwamba kuhusu ukuta huu kuna kauli tatu, na nani alisema ipi.

Familia ipate nakala yake kwenye kadi, na kama hawana kifaa cha kusikilizia, chapisha maandishi kwa herufi kubwa. Nakala nyingine ibaki shuleni. Ukiwa na ridhaa ya kufanya hivyo, peleka nyingine kwa ofisi ya makumbusho pale Gede au Fort Jesus, Mombasa, pamoja na karatasi inayoeleza masharti ya kila msemaji: huyu jina lake lisitajwe, huyu sehemu ya pili isisikilizwe na umma, huyu hana pingamizi.

Na mtu akibadilisha nia, hata baada ya mwaka, hata bila kutoa sababu, futa nakala zote, pamoja na ile uliyoipeleka makumbusho ambayo itabidi uiombe ifutwe. Kisha nenda kwake wewe mwenyewe, usimtume mwanafunzi, ukamwambie kwamba umefuta.